SOMO LA KARAKANA: METALI NZITO NA AFYA YA ANAYEZICHONGA



Mwaka jana tuliitwa kwenye karakana moja hapa Uganda kusikiliza malalamiko ya malipo ya saa za ziada. Tulipofika tukakuta jambo jingine. Mkereza vyuma mmoja, mwanachama wetu, alikuwa amejilaza nyuma ya mashine huku ameshika tumbo. Wenzake wengine walisema ni vidonda vya tumbo, wengine wakanong'ona kwamba ni pombe, na kumbe yeye hanywi. Tulipouliza amekuwa akifanya kazi gani, tukaambiwa kwamba kwa miezi mitatu alikuwa akivunja betri kuukuu za magari, akiyeyusha risasi yake katika sufuria juu ya jiko la mkaa, na kuimimina ndani ya vipande vidogo vya brasi vilivyotobolewa katikati. Mteja alitaka vipande vile viwe vizito kadiri iwezekanavyo.

Hospitali ilipopima damu yake ikakuta risasi nyingi mno. Mwajiri alisema hakujua kama kazi ile ni ya hatari. Tulimwamini kwa jambo hilo moja, kwa sababu hata sisi viongozi wa chama hatukuwa na la kumjibu siku ile. Ndiyo maana tukakaa chini tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, vipande vile vilikuwa vya nini

Vilikuwa vya bunduki za mchezo, zile zinazorusha vidonge vya rangi. Wenzetu wa mashambani huenda wakacheka, lakini chombo hiki kilitoka kwao. Huko Marekani kilitengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi wa misitu na wa mifugo, ili waweze kuupiga mti alama ya rangi kutoka mbali bila kupita katika miiba, au kumtia alama ng'ombe bila kumkamata. Mwaka 1981, katika jimbo la New Hampshire, watu 12 walikichukua chombo hicho cha kazi wakaingia nacho msituni kuwindana kwa mchezo. Tangu hapo biashara imeenea duniani.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Kuna mtungi mdogo wa gesi iliyoshindiliwa. Gesi imezuiwa na vali. Nyuma ya vali kuna kipande cha chuma cha mviringo ambacho mafundi hukiita nyundo, nacho husukumwa na springi. Ukivuta kifyatulio, nyundo huruka mbele na kuigonga vali, vali hufunguka kwa kitambo kidogo sana, gesi hutoka na kukisukuma kidonge. Nyundo ikiwa nyepesi, vali hufunguka kidogo na kufunga upesi. Ikiwa nzito, vali hukaa wazi zaidi na gesi nyingi zaidi hupita. Kwa hiyo mwenye bunduki anayetaka kidonge kiende kwa nguvu humwendea fundi na kumwambia: "Niongezee uzito hapa, lakini ukubwa usizidi."

Ombi hilo halipo kwenye bunduki za mchezo tu. Mizani, magurudumu ya magari, mitambo ya kusawazisha, vyombo vya uvuvi, hata ndege, vyote vina mahali panapohitaji uzito mwingi katika nafasi ndogo. Fundi wa kiwanda cha sukari au cha chai ataombwa jambo hilo hilo siku moja.

Uzito na ukubwa

Chukua kiberiti cha kawaida. Ujazo wake ni kama sentimita 30 za ujazo. Tungekitengeneza kwa alumini tupu, kingekuwa na uzito wa gramu 81 hivi. Kwa chuma cha pua, gramu 235. Kwa brasi, 255. Kwa shaba nyekundu, karibu 270. Kwa risasi, 340. Na kwa tangisteni, ambayo wengine huiita wolframu, gramu 579, yaani zaidi ya nusu kilo katika kiberiti kimoja! Uzito huu wa kitu kwa ukubwa wake ndio walimu wa fizikia wanaouita densiti. Maji yana densiti ya 1, alumini 2.7, chuma cha pua 7.85, brasi 8.5, risasi 11.3, tangisteni 19.3.

Fundi anaweza kuipima densiti bila maabara. Pima kipande kwenye mizani, kisha kizamishe katika chombo kilichojaa maji mpaka ukingoni, ukinge maji yanayomwagika na kuyapima. Kipande cha gramu 255 kikimwaga mililita 30 za maji, gawanya: unapata 8.5, na huenda ni brasi.

Tunasema huenda, kwa sababu kipimo hiki hakisemi kila kitu. Kadimiamu, ambayo ni sumu mbaya, ina densiti ya 8.65, karibu sawa na brasi. Urani ina densiti ya 19 na kidogo, karibu sawa na tangisteni. Na brasi yenyewe, ile inayopendwa na wakereza kwa sababu hukatika vizuri na chenga zake hazijisokoti, mara nyingi imetiwa risasi kiasi cha asilimia 3 makusudi ili ikatike hivyo. Kuikereza kwa kisu si jambo la kuogopesha sana, kwa kuwa chenga ni kubwa na huanguka chini. Kuisaga kwa jiwe na kuipiga msasa ndiko kunakofanya vumbi liingie puani.

Risasi

Jina lenyewe latukumbusha bunduki, maana risasi za bunduki zilitengenezwa kwa metali hii na jina likabaki. Fundi huipenda kwa sababu tatu: ni nzito, ni rahisi kuipata kwenye betri kuukuu, na huyeyuka kwa nyuzijoto 327 tu, moto ambao jiko la mkaa huutoa bila taabu. Sababu hizo tatu ndizo zinazoifanya iwe adui wa karibu. Isingekuwa rahisi kuyeyuka, ingebaki kwenye viwanda vikubwa.

Risasi haiingii mwilini kwa kushikwa tu mkononi kama watu wengi wanavyofikiri. Huingia kwa moshi na vumbi linalovutwa, na kwa mkono usiooshwa unaokwenda kwenye ugali au kwenye sigara. Betri ni mbaya kuliko kipande safi cha risasi, kwa sababu ndani yake kuna unga wa risasi na tindikali, na unga ule ukikauka hupeperuka. Ikiingia, damu huipeleka kila mahali na nyingine hujificha ndani ya mifupa kwa miaka mingi, hata miaka 20 au zaidi. Mtu ameacha kazi, amezeeka, na bado mifupa yake inaitoa kidogo kidogo.

Dalili zake zinafanana na za magonjwa mengine, na hapo ndipo wafanyakazi wengi wanapopotea. Tumbo husokota na choo hufunga. Kichwa huuma, usingizi hukatika, mtu huwa mkali nyumbani bila sababu. Damu hupungua. Viungo huuma, na wengine mkono hulegea kwenye kifundo wasiweze kuunyanyua. Mama mja mzito anaweza kupoteza mimba, na wanaume pia nguvu ya uzazi huathirika. Kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Akili yake hudumaa, na hairudi.

Mtoto anaipata wapi? Kwenye nguo za baba. Baba anarudi na ovaroli, anamnyanyua mtoto, mama anafua ovaroli ile pamoja na nepi. Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri ukutani mwa nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa katika kiwanda hicho, na mtoto wake mchanga akaugua kwa risasi. Akaacha kazi akaanza kupigania mtaa ule. Kiwanda kilifungwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu. Hesabuni miaka yote hiyo. Mtoto aliyeugua alikuwa anakua huku mawakili wakibishana.

Na huko Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki uliochimbwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ulifungwa mwaka 1994. Vumbi lake bado limo katika udongo ambamo watoto wanacheza.

Jambo moja kuhusu maziwa. Katika viwanda vingi vya rangi na betri, mwajiri hugawa paketi ya maziwa kila siku na kusema, "Hii ndiyo kinga yenu." Wafanyakazi wamezoea, na tumeona hata matawi yetu yakigoma kwa kudai maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, tunyweni. Lakini hayaoshi mapafu wala hayaiondoi risasi iliyokwisha kuingia katika damu. Tawi likidai maziwa likaacha kudai chombo cha kuvuta moshi nje, limeuza kitu kikubwa kwa bei ndogo.

Tangisteni na jirani zake

Tangisteni twaweza kuiita ya kwetu. Inachimbwa Rwanda, ambako mgodi wa Nyakabingo unajulikana, na hapa Uganda pia wolframu imechimbwa upande wa Kigezi. Anayeichimba huvuta vumbi la mawe meupe magumu yanayofuatana nayo, na vumbi hilo huleta ugonjwa wa silikosisi usio na dawa. Basi hata kabla metali haijafika karakana imekwisha kudai mapafu ya mtu.

Katika karakana zetu hakuna atakayeiyeyusha, maana inataka nyuzijoto zaidi ya 3,400. Viwanda huishindilia ikiwa unga na kuichanganya na nikeli pamoja na chuma au shaba. Kipande kilichokwisha tengenezwa, kikishikwa au kufungwa mahali pake, ni salama kuliko risasi. Lakini mchanganyiko si tangisteni peke yake. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba panya waliowekewa ndani ya misuli vipande vya tangisteni iliyochanganywa na nikeli na kobalti waliota uvimbe wa saratani. Kwa hiyo anayeuza atakapokuambia "hii ni tangisteni, haina neno", muulize imechanganywa na nini.

Na hapa tunawageukia wakereza wote, hata wasiowahi kusikia habari za bunduki za mchezo. Ile ncha ngumu mnayoibandika kwenye kisu cha mashine, ile mnayoiita kabaidi, ni tangisteni na kaboni, iliyogandishwa kwa kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka kwa jirani zetu wa Kongo. Ncha ikifa makali, fundi huinoa kwenye jiwe, kavu, uso wake ukiwa sentimita 30 kutoka hapo. Vumbi lile huleta ugonjwa wa mapafu unaoanza kwa kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi wakati wa kupanda ngazi. Noeni kwa maji, au vumbi livutwe na mashine pale pale linapotoka. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi laini la namna hii.

Urani iliyofifishwa ilitumiwa kuwa uzito wa kusawazisha katika ndege kubwa za zamani, zikiwamo Boeing 747 za kwanza, kabla ya tangisteni kuchukua nafasi yake. Vumbi lake ni sumu na huweza kushika moto lenyewe. Msidhani haya ni mambo ya mbali. Chuma chakavu husafiri.

Na tuliseme hili kwa sauti: ukikuta katika chuma chakavu chungu kidogo ambacho ni kizito kupita ukubwa wake, usishangilie wala usikikate. Vyungu vya risasi, tangisteni au urani hutengenezwa ili kufunika kitu chenye mnururisho, kutoka hospitali au mitambo ya kupimia. Alama yake ni mapanga matatu yanayozunguka nukta, lakini mara nyingi alama imefutika. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, chombo cha hospitali kilichoachwa kilivunjwa na waokota vyuma, na watu 4 wakafa. Mwaka 2000 huko Samut Prakan, Thailand, wafanyakazi wa chuma chakavu wakakata chombo cha namna hiyo, na watu 3 wakafa. Ondokeni, wazuieni wenzenu, kisha waitwe wakaguzi wa serikali.

Brasi na vitu vilivyopakwa

Brasi ikikerezwa ni rafiki mzuri. Ikiyeyushwa, zinki iliyomo huchemka na kutoa moshi mweupe. Fundi aliyeuvuta hupata homa jioni, kutetemeka na ladha ya chuma mdomoni, halafu asubuhi yuko mzima na husema ilikuwa malaria. Homa hii huwa kali zaidi Jumatatu, kwa kuwa mwili uliozoea moshi husahau baada ya mapumziko. Mabati na bomba za zinki zikichomelewa huleta ugonjwa ule ule.

Ila boliti kuukuu zenye rangi ya dhahabu zichungeni sana. Nyingine zimepakwa kadimiamu. Moshi wake haukuonyi kwa kukuchoma koo. Mtu huenda nyumbani akiwa mzima, na usiku mapafu hujaa maji. Zisichomelewe wala zisitiwe motoni.

Je, mteja alihitaji uzito ule?

Hapa ndipo tulipoudhika zaidi. Springi ni ile ile, kwa hiyo ukizidisha uzito wa nyundo mara mbili, msukumo wake hauzidi mara mbili, ni kama mara 1.4 tu. Fundi angeweza kuirefusha nyundo ya chuma cha pua pale palipokuwa na nafasi, au kubadili springi. Tena risasi ni laini. Ikigonga mara elfu kadhaa hupondeka, hulegea ndani ya tundu lake na kumwaga unga katika chombo kinachoshikwa na vijana.

Na upande wa mchezaji pia kuna hatari. Desturi ya mchezo ni kidonge kisizidi futi 300 kwa sekunde, na kidonge kina uzito wa gramu 3 hivi. Mwendo ukizidi kwa sehemu moja ya kumi, nguvu ya pigo huzidi kwa zaidi ya sehemu mbili za kumi. Jicho halina uwezo wa kulistahimili hata lile pigo la kawaida. Fundi aliyeongeza uzito wa nyundo bila kupima mwendo kwa kipimo chake amegusa macho ya watu asiowajua.

Kisha kuna mtungi. Gesi ya kaboni iliyoshindiliwa ina shinikizo la paundi 850 hivi kwa inchi ya mraba pakiwa na joto la kawaida, wakati tairi la gari lina 30 tu, na mtungi ukiachwa juani shinikizo hupanda. Huko Marekani watu wawili waliuawa, kila mmoja kwa wakati wake, kwa sababu vali ya brasi ilizunguka na kufunguka kutoka kwenye mtungi badala ya mtungi kufunguka pamoja na vali yake kutoka kwenye bunduki, na mtungi ukaruka kama kombora. Kwa hiyo sehemu yoyote inayobeba shinikizo, thredi, vali au mtungi, haichongwi kwa kukisia, na haichaguliwi kwa uzito. Huchaguliwa kwa nguvu ya metali yenyewe, na mtungi upimwe tena kila baada ya muda uliopigwa chapa juu yake, ambao kwa mitungi mingi ni miaka 5.

Tunadai nini

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981 unasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi, na kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu za haki, asiadhibiwe. Juni 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama ina wajibu wa kuiheshimu hata kama haijaiweka sahihi. Hapa Uganda tunayo pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Matawi yaitake nakala.

Katika karakana tuliyoitwa, tulikubaliana na mwajiri mambo machache. Risasi haiyeyushwi tena. Sakafu haifagiliwi kavu, hupanguswa kwa maji. Ovaroli hubaki kazini na kufuliwa huko huko. Maji na sabuni viko mlangoni mwa chumba cha kulia. Wafanyakazi wote 9 walipimwa damu kwa gharama ya mwajiri, na wawili zaidi walikutwa na risasi, mmoja wao akiwa kijana wa kufagia ambaye hakuwahi kushika sufuria ile hata siku moja. Ndugu yetu mkereza alirudi kazini baada ya majuma kadhaa, kwenye kazi nyingine. Fidia yake bado tunaifuatilia.

Maswali ya kujadiliwa katika matawi

Kazini kwenu kuna kazi gani inayotoa vumbi au moshi wa metali, na ni nani anayefagia hapo baadaye?

Kipande kina uzito wa gramu 680 na kinamwaga mililita 60 za maji. Densiti yake ni ngapi, na je, mtakitia motoni?

Wangapi kati yenu walitibiwa malaria au vidonda vya tumbo bila kupimwa, na wakati huo walikuwa wakifanya kazi gani?

Vyombo vilivyoyeyushia risasi zamani, sufuria na vijiko, viko wapi leo? Tuliuliza swali hili kwenye karakana ile, tukaambiwa kwamba sufuria ilikuwa imekwisha kupelekwa nyumbani.